Kilomita 130 za Mafia

Mtu akitwaa ramani na kupima mstari ulionyooka toka Dar es Salaam hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya ya Mafia, ataona masafa yasiyozidi sana kilomita 130, ambayo ndege ndogo huyakata kwa muda wa nusu saa hivi, hata msafiri hajamaliza kuitazama mito ya Rufiji ikijigawa katikati ya mikoko, mara husikia amri ya kufunga mkanda. Kwa mwenye nauli hiyo, Mafia iko karibu kuliko Morogoro.

Ama asiye nayo, na hao ndio wengi, hupanda basi Mbagala akapita Mkuranga, akaiacha barabara kuu na kushuka Nyamisati, kisha akaingia kivuko cha MV Kilindoni na kukaa baharini saa nne hivi, naye bado ana heri kuliko waliomtangulia, waliovuka kwa mashua na majahazi, roho zao mikononi wakati wa kusi.

Na ndege si jambo geni Mafia. Waingereza walipowanyang'anya Wadachi kisiwa hiki mwezi wa Januari 1915, walikifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari ya hao Wadachi, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Na tarehe 11 Julai mwaka huo, rubani Cull na mwenziwe Arnold waliielekeza kutoka angani mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey, hata manowari ile ikaangamia, ilhali ndege yao wenyewe ilikwisha kupigwa na kuanguka mtoni, nao wakasalimika. Kwa hiyo njia ya anga baina ya Mafia na bara ina umri wa zaidi ya karne, lakini ilifunguliwa kwa ajili ya vita, wala sioni kuwa mpaka leo imekuwa njia ya mkulima wa nazi.

Zamani mabaharia wa Uarabuni walihesabu masafa kwa misimu: walishuka na kaskazi, wakarudi na kusi, na mwaka 1939 mwandishi Alan Villiers alifika Rufiji katika jahazi la Kuwait lililokuja kuchukua boriti. Leo Muscat, iliyo mbali na Dar es Salaam karibu kilomita 4,000, hufikiwa kwa ndege kwa saa tano na ushei. Basi mgeni atokaye huko kuwazuru jamaa zake Mafia, akishika njia ya basi na kivuko, zile kilomita 130 za mwisho humla saa nyingi kuliko zote alizozikata angani. Na iwapo jamaa zake wako katika visiwa vidogo vya Juani au Jibondo, akishuka Kilindoni hana budi kwenda hadi Utende, akatafute mashua nyingine.