Ipime moteri kabla hujaifungua

Dereva anarudi Kolwezi kutoka upande wa Nzilo. Gari limekosa nguvu mlimani, asubuhi linakataa kuwaka, na oili inapungua kila wiki. Anaingia gereji na swali moja: "Papa fundi, moteri imekwisha?" Mara nyingi anajibiwa imekwisha, na kabla ya jioni vipande vyake vimetandazwa chini. Tusikimbilie huko. Kufungua injini kunakula mshahara wa mtu. Kuipima ni kazi ya muda mfupi.

Kompresheni ni mbano wa hewa na petroli ndani ya silinda pistoni inapopanda. Mbano huo unashikwa na ringi za pistoni, valvu na gasketi ya hedi. Kimoja kikivuja, nguvu inapotea.

Pasha injini moto, hakikisha betri imejaa, kata petroli na umeme wa kuwashia, kisha toa plagi zote, yaani buji. Funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho na kupiga starta hadi mshale usimame. Andika namba, kisha nenda silinda inayofuata.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kitabu cha gari kikisema bar 12, kinahesabu hewa ya usawa wa bahari. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, na msukumo wa hewa yetu ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Kwa gari hilo, bar 10 hapa kwetu ni afya. La kuangalia zaidi ni silinda kulingana: tofauti ikipita asilimia 15, kuna ugonjwa.

Tuseme umepata 10, 10, 6, 10. Mimina kijiko kimoja cha oili katika silinda ya tatu, upime tena. Mshale ukipanda hadi 9, oili imeziba mwanya wa ringi: ringi au ukuta wa silinda umelika. Ukibaki 6, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, huenda gasketi imeungua kati yake. Zote zikiwa chini sawasawa, kagua kwanza mkanda wa taimingi.

Tiba hufuata jibu. Valvu huenda ikahitaji kurekebishwa nafasi yake tu, au kusagwa upya ikalie vizuri. Gasketi isibadilishwe kabla ya kupima hedi kwa rula iliyonyooka, maana hedi iliyopinda itaiunguza tena. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika hazidumu. Silinda ichongwe, iwekewe pistoni za saizi inayofuata.

Na chanzo cha kulika huko? Katika mkoa wetu wa Lualaba, wakati wa kiangazi, malori ya madini huinua vumbi jekundu mchana kutwa. Chembe za mchanga ndani yake ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa iliyotoboka, au bomba lake lililolegea, huziingiza ndani, zikachanganyika na oili na kusaga ringi kama msasa. Pitisha kidole ndani ya bomba, baada ya filta. Kikitoka na vumbi, umeuona mlango ambamo kompresheni yako inapotelea. Uzibe leo, kabla hujanunua ringi.