Usiuze Koini za Babu kwa Kilo Pale Shimanzi Kabla Hujasoma Hii

Kama umewahi kukatiza Shimanzi mchana unajua vile mambo huenda. Matrela yamejipanga kando ya magodauni, vumbi, harufu ya mafuta, na katikati ya hiyo kelele yote kuna mzee wa skrapu na mizani yake. Unampelekea waya, mabomba, betri iliyokufa. Anapima, anakulipa, unasepa.

Shida ni kwamba kwenye ile rundo la shaba huwa kuna vitu ambavyo havifai kupimwa kwa kilo. Kuna siku nilichomoa pale waya mmoja umetungwa koini kumi na kitu zenye tundu katikati, kama shanga. Mzee akaniuzia kwa bei ya shaba tu. Nikazimwaga mezani kwa keja, nikawasha tochi ya simu, na tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa hizi vitu.

Lakini kabla hujakimbia kufungua sanduku la nyanya, tumalize hii ya matapeli, maana najua ndiyo ilikuleta hapa. Umeona zile video: "Tunanunua koini ya 40 bob, laki tano, leta sasa." Ile ya 40 ilitoka 2003, ina sura ya Kibaki, na ilikuwa ya kusherehekea miaka 40 ya uhuru. Ni koini tamu kuweka, hakuna ubishi, lakini hata leo si ngumu kuipata. Hakuna mtu timamu atakupa laki tano. Mchezo uko hivi: unatuma picha, wanakuambia hongera, halafu wanataka elfu mbili za "usajili", kisha elfu tano za "cheti", kisha simu inazimwa. Mnunuzi wa ukweli anaomba picha mbili safi, mbele na nyuma, na uzito. Akikuomba pesa yako ndiyo akupe yake, huyo block.

Sasa turudi kwa zile za tundu. Hizo ni senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, na zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu baadaye Zanzibar. Utaziona na pembe za ndovu zimekumbatia tundu. Wengi wanaangalia mwaka tu wanasema "ni ya zamani, ni mali." Wapi! Uzee peke yake hauuzi. Kinachouza ni uchache na hali yake, na mara nyingi siri imejificha kwa herufi ndogo karibu na tarehe ambayo macho ya kawaida yanairuka.

Ukiona H, hiyo ilipigwa kwa kiwanda cha Heaton kule Birmingham. KN ni King's Norton, Birmingham hiyo hiyo. Ukipata I, hiyo ni Bombay. SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Hizo mbili za mwisho utazikuta sana kwa miaka ya Vita vya Pili, mfano senti 10 za 1942 za Bombay na za 1943 za Pretoria. Hakuna herufi kabisa? Mara nyingi ni Royal Mint, London. Kwa hivyo unaweza kuwa na koini mbili za mwaka mmoja, thamani moja, lakini mkusanyaji anazihesabu kama vitu viwili tofauti, na moja inaweza kuwa adimu kuliko mwenzake. Ndiyo maana mimi hupanga zangu kwa mwaka kwanza, halafu kwa herufi.

Soma pia jina la mfalme. Hii ndiyo napenda kuonyesha watu. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na mfalme Edward VIII aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaacha kiti Desemba kwa sababu ya mapenzi. Kwao Uingereza koini zake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini huku kwetu senti 5 na senti 10 zilishatoka na jina lake, kwa sababu koini yenye tundu katikati haina pa kuweka kichwa, inabeba jina na taji tu. Kwenye ule waya wangu zilikuwa tatu, moja KN. Usichanganyikiwe na historia yake lakini: zilipigwa kwa wingi, kwa hivyo bei yake si ya kununua shamba. Ni ya kununua chakula kizuri labda, kama imetulia vizuri.

Halafu cheki kama imeandikwa chochote kuhusu India. Za George VI za mwanzo zinamuita Kaizari wa India, utaona IND au INDIAE na IMP au IMPERATOR. India ilipata uhuru 1947, na zile zilizofuata jina likakatwa. Ukifika 1964 malkia mwenyewe hayuko, ametolewa kabisa kwa senti 5 na 10, kwa sababu nchi zote tatu zilikuwa huru. Unashika historia nzima ya ukoloni kuvunjika kwa vitu ambavyo babu yako alinunulia mandazi.

Shilingi zile za simba na milima ni kesi nyingine. Kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo, yaani asilimia 25. Kuanzia 1948 hakuna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Uzito haukutofautishi, zote ni karibu gramu 7.8, kwa hivyo soma mwaka. Na kabla sonara hajakudanganya au wewe kumdanganya yeye: robo ya gramu 7.8 haifiki gramu mbili za fedha. Kuiyeyusha ni ufala. Ikiwa safi, mkusanyaji atakupa zaidi ya hiyo fedha iliyo ndani.

Na hapa naomba unisikize kama mtu wako. USIOSHE. Mombasa sisi tuna huu ugonjwa wa ukwaju na limau, tunasugua sinia za shaba mpaka unaweza kunyolea ndevu kwa kioo chake. Sinia sawa. Koini, hapana. Ile rangi ya kahawia au nyeusi iliyojijenga miaka themanini ndiyo ushahidi wa umri wake, na ukiikwangua kwa Steelo unaacha mikwaruzo ambayo mnunuzi anaiona hata kwa picha mbaya. Nimewahi kuharibu shilingi ya 1924 kwa njia hiyo, na bado nimeiweka kama ukumbusho wa ujinga wangu. Kama ina mchanga, maji ya kawaida, acha iloweke, ipanguse kwa kubonyeza na kitambaa laini. Basi.

Sasa ile ambayo kila mtu wa kisiwani anafaa kuijua. Kuna koini ya shaba, ndogo, ina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu, tarehe 1306, na upande wa pili jua, tarehe 1888 na neno MOMBASA. Ndiyo, jina la mji wetu, kwa pesa. Ilitolewa na Imperial British East Africa Company, ile kampuni ya William Mackinnon iliyopewa ukanda huu kabla serikali ya Uingereza haijachukua yenyewe 1895. Thamani yake ni paisi moja, na hapo ndipo jamaa wa Pwani walipokuwa wakisema pesa na kumaanisha kitu hasa cha kushikika. Angalia herufi C na M: hizo ni za kiwanda cha Calcutta. Kulikuwa pia na rupia ya fedha ya 1888 yenye H, gramu 11.66. Ukiwa na hiyo rupia na ni ya ukweli, kaa chini kwanza unywe maji.

Ukiipata moja ya hizo, kuna kitu cha sheria pia. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kinachobebeka kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kama kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hivyo yule jamaa wa mtandaoni anayekuambia "tuma tu kwa posta, andika ni vifungo" anakutafutia kesi. Na ukifukua koini ardhini, labda unachimba msingi au choo, sheria inataka uripoti kwa Makavazi ndani ya siku 7. Fort Jesus iko pale pale Mji wa Kale, si mbali. Mwaka 2013 watafiti walitangaza koini moja ya Kichina, ya Mfalme Yongle, waliyoipata kisiwa cha Manda kule Lamu. Faida ya ile ni kwamba ilijulikana ilitoka wapi ardhini. Ingetolewa kimyakimya na kuuzwa, ingekuwa kipande tu cha shaba chenye tundu la mraba.

Kuhusu aina zisizo za kawaida, mfano mkali kuliko wote uko Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na Waingereza, pesa zimeisha, wakaanza kupiga koini kwa karakana ya reli. Heller 20 za pale zina herufi T na zilipigwa kwa harakaharaka, zingine shaba nyekundu, zingine shaba ya manjano. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Halafu nenda kwa neno HELLER utazame ncha za L mbili: kuna zilizochongoka na zilizojikunja. Watu wazima wanakesha na kioo cha kukuzia juu ya ncha za L, na bei inabadilika kulingana na mchanganyiko. Waliopiga hawakukusudia kabisa.

Zetu za Kenya pia zina mambo. Za 1966 hadi 1968 zina sura ya Mzee Jomo bila maandishi kuizunguka. Kuanzia 1969 wakaongeza maandishi kumtaja kama rais wa kwanza. Weka moja ya kila aina.

Makosa ya kiwandani, yaani picha iliyosogea pembeni au upande wa nyuma uliogeuka, yanalipa. Kucheki kama imegeuka, shika koini juu na chini kwa vidole viwili, sura ikiwa wima, halafu izungushe kushoto kulia. Ya Kenya upande wa pili unafaa kuwa wima pia. Ila usichanganye kosa la kiwanda na kazi ya jua kali. Koini iliyotobolewa ivaliwe shingoni, iliyopondwa na gari moshi, iliyopigwa nyundo na fundi aliyekuwa anaboeka, hiyo imeharibika, haijakuwa adimu.

Bei? Fungua Numista, ni bure, tafuta nchi, mwaka na herufi. Halafu angalia minada, lakini zile zilizouzwa tayari, si zile mtu anaomba. Mimi naweza kuomba milioni kwa kijiko.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee wangu, hakuna zile za tundu?" Akaingiza mkono chini ya meza akatoa mkebe wa maziwa, umejaa. Nikainama kuchagua, akaniwekea mkono juu. "Kijana, hizi za KN siku hizi bei yake mbali."