Taa ya moteri inawaka na esanse inanuka: angalia bushoni mbele ya kununua piese

Asubuhi unafungua mlango wa motokari, harufu ya esanse inakuingia puani. Unawasha moteri, na ku tablo ile taa ya rangi ya machungwa yenye picha ya moteri inabaki inawaka. Lakini motokari inatembea vizuri, haina kelele, haikosi nguvu. Unafika garaje, fundi anachomeka skana, anasoma kode, anakutuma ununue piese. Unalipa. Kisha siku chache taa inarudi palepale.

Hii hadithi wenye motokari wengi ku Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wanaijua. Mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya moteri. Uko ku njia ya mvuke wa esanse, na mara nyingine dawa yake ni bushoni tu, ni kusema kifuniko cha tangi. Tueleze pole pole. (Wenye motokari ya mazuti, hii njia ya mvuke hamuna, habari hii ni ya wale wa esanse.)

Mvuke unaenda wapi?

Esanse inageuka mvuke hata wakati motokari imelala. Jua likipiga, mvuke unaongezeka ndani ya tangi. Zamani ulikuwa unatoka tu inje, watu wanavuta. Marekani njo ilianza kuukataza: jimbo la California kwa motokari za 1970, kisha nchi nzima kwa zile za 1971. Tangu pale viwanda viliweka njia ya kuushika na kuurudisha ku moteri uchomwe.

Njia hiyo iko na vitu vichache. Kuna tangi na bushoni yake. Kuna kanista, sanduku lenye makaa ndani; yale makaa yanakamata mvuke sawa vile sifongo inakamata maji. Kuna klape ya kunyonya, mara nyingi iko mbele karibu na moteri. Moteri ikipata moto, hii klape inafunguka na moteri inavuta mvuke kutoka kanista. Na kuna klape ya hewa, karibu na kanista. Yenyewe inaingiza hewa safi. Kati yao zinapita tiyo, za mpira ao za plastiki.

Ku motokari nyingi kanista iko chini, nyuma, karibu na tangi. Waza sasa barabara zetu: mawe ya volkano ku Goma, matope ku njia ya Butembo, vumbi kila mahali. Jiwe moja linatosha kupasua tiyo. Matope yanatosha kuziba njia ya hewa.

Kode inasema mahali pa kutafuta, haisemi piese ya kununua

Motokari nyingi zilizotengenezwa kwa soko ya Marekani kuanzia 1996 zinajipima zenyewe: zinafunga njia zote, zinavuta hewa kidogo, kisha zinaangalia kama inabaki imefungwa. Zikiona inavuja, zinawasha taa. Nyingi za Japani na za Ulaya hazijipimi hivyo. Zinaona tu kama waya ao klape imekufa. Kwa hiyo ku motokari kama hizo, pua yako inaweza kujua mbele ya taa.

Omba fundi akuonyeshe kode, uiandike. P0455 ni kusema inavuja sana. P0457 inaelekeza ku bushoni. P0442 ni tundu dogo, karibu milimita 1. P0456 ni tundu dogo zaidi, karibu nusu milimita. P0441 ni kusema mvuke haupiti sawa unavyopaswa. P0443 inahusu kura ya klape ya kunyonya, P0446 inahusu upande wa klape ya hewa.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayosema «nunua kanista». Zinasema tu: tafuta huku.

Anza na kitu cha bei ndogo

Kwanza, chungulia chini. Kama kuna matone ya esanse, hiyo si mvuke tena. Usiwashe moteri, usisubiri kesho, usipakie watoto. Ita fundi aje pale ilipo.

Kama hakuna matone, fungua bushoni. Tazama ule mpira wa duara: umepasuka, umekauka, umejaa mchanga? Ifunge tena paka isikike «tak». Wale wanaofunga tangi na kitambaa ao kipande cha sashe, jibu lenu liko hapa. Tafuta bushoni inayofaa motokari yako. Ile inayoingia kwa nguvu tu si yake.

Kisha, motokari ikiwa imepoa, fuata tiyo kwa macho na kwa mkono: juu ya tangi, ku kanista, paka mbele ku moteri. Tafuta tiyo iliyotoka, iliyopasuka ao iliyotafunwa na panya.

Halafu klape mbili. Hapa uwe na fundi. Klape ya kunyonya, kama haina kura, inapaswa kufunga: ukipuliza, hewa haipiti. Kama inapita, klape imebaki wazi. Dalili yake ni hii: kisha kujaza esanse, motokari inakataa kuwaka, ao inawaka na inatetemeka. Klape ya hewa, ku motokari nyingi, ni kinyume: bila kura inabaki wazi, hewa inapita. Kama imeziba, utaona wakati wa kujaza: esanse inarudi inakurukia, ao pompi ya stasioni inajifunga kila mara. Na ukifungua bushoni, tangi inavuta hewa kwa nguvu sana.

Kama yote hayo ni mazima, njo sasa unaweza kutafuta garaje yenye mashine ya moshi. Inaingiza moshi kidogo kwa nguvu ndogo sana, na pale moshi unatokea njo pale inavuja.

Mambo tatu ya kukataa

Usitafute mahali inavuja na kiberiti, sigara ao mbabula karibu. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unashuka chini, unatembea, na moto unaweza kuufuata kutoka mbali.

Usikubali fundi aingize hewa ya kompresere ya magurudumu ndani ya tangi. Ile nguvu inapita mara nyingi ile tangi na kanista vinaweza kubeba. Inaweza kupasua vitu vilivyokuwa vizima, na ndani mule kuna mvuke unaowaka.

Usijaze tangi paka mdomoni. Ku stasioni, pompi ikijifunga yenyewe, achia pale. Kwa kadafi na bidoni yake hakuna kitu cha kusimamisha, ni wewe njo unaangalia. Esanse ya maji ikiingia ndani ya kanista, inalowesha makaa na kanista inakufa. Hiyo njo piese ya bei kali.

Nimefunga bushoni, na taa haizimiki?

Ni kawaida. Motokari inataka kujipima tena mara kadhaa mbele ya kuzima taa. Na kuna jambo moja linalotuhusu sana: nyingi hazijipimi kama tangi iko karibu tupu ao imejaa kabisa. Zinataka esanse iwe zaidi ya robo na chini ya robo tatu, na moteri iwe imelala paka ikapoa. Sasa sisi tunaonunua litre tano, tano, na taa ya akiba inawaka kila siku, motokari haipati hata siku moja ya kujipima. Taa inabaki, tunasema fundi ni mwongo, tunanunua piese ingine. Jaribu kubakisha nusu ya tangi kwa wiki moja, kisha uone.

Wengine wanachoka, wanabandika skoci juu ya taa ao wanakata waya yake. Lakini taa ile ni moja kwa magonjwa mengi. Kama umeizoea juu ya bushoni, siku moteri yenyewe itagonjwa hautajua. Na ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, simamisha: hiyo ni moteri haichomi vizuri.

Na mwisho, ile harufu. Tusiizoee. Mtoto anayelala kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa juu ya vumbi, anavuta ule mvuke njia yote. Bushoni inafungwa kwa sekunde mbili. Anza pale.