Tarehe yenye kushusha bei ya dawa

Breve si patenti. Patenti ni ile karatasi wafanyabiashara wadogo wa Kadutu wanalipia. Breve ni haki serikali inapatia mwenye kugundua kitu kipya: kwa muda fulani, mwingine hawezi kukitengeneza bila ruhusa yake. Muda ukiisha, kila mtu anaweza.

Juu ya nini tunaandikia wachimbaji mambo haya? Juu ya vumbi. Vumbi la mashimo linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yanashikwa haraka na kifua kikuu. Kiko na kingine kisichosikia dawa za kawaida. Dawa moja yenye kukiweza ni bedakilini, ya Johnson & Johnson, kampuni ya Marekani.

Breve inadumu miaka 20, na hesabu inaanza siku ombi linawekwa, si siku dawa inaanza kuuzwa. Ombi la bedakilini liliwekwa tarehe 18 mwezi wa saba 2003. Marekani iliikubali dawa mwisho wa 2012: karibu nusu ya muda ilikuwa imekwisha pita. Ndiyo maana sheria ya kule inaongeza siku kama ofisi ya breve ilichelewa, na kwa dawa inaweza kuongeza hadi miaka 5. Lakini kila nchi ina hesabu yake. Nyongeza ya Marekani haifiki India, fasi dawa nyingi za bei nafuu zinatengenezwa.

Kule India breve iliisha tarehe 18 mwezi wa saba 2023. Kampuni ilikuwa imeomba ingine juu ya dawa ileile, ya kufika 2027. Wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu, mmoja wa India, mwingine wa Afrika Kusini, walipinga. Mwezi wa tatu 2023, ofisi ya India ilikataa ombi la kampuni. Mwezi wa nane, shirika Stop TB, lenye kununulia nchi nyingi dawa, likatangaza kwamba bei ya miezi 6 ya bedakilini imeshuka zaidi ya nusu, hadi dola 130.

Kwetu mgonjwa halipi. Dawa za kifua kikuu ni za bure. Lakini kuko mwenye kuzilipia, na bei ikishuka, franga zilezile zinaponesha watu wengi zaidi.

Basi, ndugu wa Kamituga ao wa Nyabibwe, ukikohoa wiki mbili, enda kituo cha afya wapime makohozi. Na ukianza dawa, zimalize zote, hata ukijisikia muzima. Kuziacha katikati ndiko kunaleta ile isiyosikia dawa.