Nafasi ya Mkono wa Fundi

Simama chini ya nguzo ya umeme kando ya barabara kubwa ya Dar es Salaam, kisha inua macho taratibu. Chini kabisa zimening'inia nyaya za simu na intaneti. Juu yake zimepita za volti 400 na 230, zile zinazoingia majumbani. Juu zaidi, kwenye mkono wa nguzo, nyaya tatu za kilovolti 11 zimekalia vikombe vyake, na pengine kileleni ipo laini nyingine ya kilovolti 33. Nguzo ni moja, gogo la mkaratusi, lakini imebeba njia tatu au nne za umeme na mawasiliano ambazo hazitakiwi kukutana hata siku moja.

Umeme mkali hupelekwa juu ili ukae mbali na watu, na ili fundi anayetengeneza waya wa nyumba asilazimike kupenya katikati ya kilovolti 11 kila anapopanda. Kupangana juu na chini peke yake hakutoshi. Linalobeba roho za watu ni nafasi inayoachwa kati ya laini na laini.

Tuanze na hewa yenyewe. Kati ya vyuma viwili bapa na nyororo, hewa kavu huzuia takriban kilovolti 30 kwa kila sentimita. Kwa hesabu hiyo, pengo la sentimita chache lingetosha kuzuia kilovolti 33. Radi ikipiga, nguvu hupanda ghafla, na kwa hiyo vifaa vya laini hiyo kwa kawaida hujaribiwa kwa pigo la kilovolti 170, ambalo viwango vya kimataifa hulitengea sentimita 32 za hewa. Mbona basi, nguzoni, laini mbili hutenganishwa kwa mita moja au zaidi?

Kwanza, waya hautulii. Waya wa alumini wa mita 100 ukiongezewa joto la nyuzi 40 hurefuka kama sentimita 9. Kwa kuwa umefungwa huku na huku, hauna pa kwenda ila kunepa, tena kwa kiasi kinachozidi mbali hizo sentimita 9. Joto lenyewe halitoki juani tu. Umeme unaopita nao huupasha waya. Sasa fikiria laini ya juu imebeba mzigo wa mtaa mzima, na ya chini imezimwa kwa matengenezo. Ya juu inanepa, ya chini imekaza. Mita iliyopimwa nguzoni imekwisha kupungua katikati ya nguzo na nguzo. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Upepo ukizigonganisha nyaya hizo wakati zote zina umeme, maelfu ya volti huteremka hadi kwenye soketi za watu waliolala.

Pili, kuna mwili wa fundi. Hata laini iliyozimwa, ikipita chini ya iliyo hai, huambukizwa umeme bila kuguswa. Fundi makini hawezi kuiita imekufa mpaka aipime na kuiunga ardhini. Akiwa kule juu amefungwa mkanda, huinua kiwiko, hugeuza bega, hunyoosha mkono kufuata spana. Kanuni ya usalama wa umeme ya Marekani huacha inchi 40, yaani kama mita moja, kati ya nyaya za umeme na za mawasiliano, kwa ajili ya usalama wa fundi wa mawasiliano.

Diani, pwani ya kusini ya Kenya, wanyama wametuonyesha mwili unavyoziba pengo. Mbega, kima na tumbili hupita juu ya nyaya kama wanavyopita matawini. Anayeshika waya mmoja kwa mkono na mwingine kwa mguu amekuwa daraja la umeme. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, hupogoa miti inayokaribia nyaya hizo ili kuwaokoa.

Nayasema haya kwa sababu nguzo zetu zinazidi kujaa. Kila mwenye waya wa intaneti anatafuta pa kuufunga, na kila palipo wazi panaonekana pa bure. Mwenye nguzo asimamie vipimo, anayetundika waya aombe kibali na apimiwe, nasi wenye nyumba tusimwite kishoka, fundi asiye rasmi, apande kutuunganishia upesi. Ukiona pengo kati ya laini na laini, usidhani pamesahaulika. Pameachwa ili fundi aliyepanda asubuhi ashuke jioni, arudi kwake.