Gari Lako Lilitoka Japani? Usitupe Kadi ya Ramani, Weka Nakala Yake

Magari mengi yanayopita Mbumbuni yakielekea Tawa, Wote au Machakos yalitumika Japani kabla ya kuletwa Kenya. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, mengi huja yakiwa na redio ya skrini yenye ramani. Ramani hiyo ni ya Japani na maandishi yake ni ya Kijapani. Haiwezi kukuonyesha njia ya Mbumbuni. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huitoa kadi au diski yake na kuitupa.

Hapo ndipo hasara huanza. Katika baadhi ya mitambo, kadi au diski hiyo hubeba ramani pamoja na programu ya kuwasha skrini. Betri ikiisha moto au fundi akiifungua, mtambo hupoteza kumbukumbu na kuitisha kadi yake. Ikikosekana, redio hunyamaza. Kamera ya nyuma inayotumia skrini hiyo nayo huweza kuzimika, na hilo ni hatari katika boma lenye watoto wadogo.

Wakazi wenye magari ya aina hii wanashauriwa kuweka nakala rudufu mapema, kabla ya betri kuguswa.

Kama ni kadi

1. Zima gari kabisa kabla ya kutoa kadi. Sogeza kitufe kidogo kilicho ubavuni mwake upande wa kufunga, ili kompyuta isiandike chochote juu yake.
2. Iweke kwenye kompyuta yako au ya saiba unayoiamini. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati kadi, kataa. Ukikubali, unaweza kupoteza kila kitu.
3. Tumia programu inayonakili kadi nzima kama ilivyo, si kuburuta faili moja moja. Hifadhi nakala hiyo mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye flashi.
4. Rudisha kitufe kilivyokuwa, kisha urudishe kadi ya asili garini.

Fahamu kwamba kila kadi ina namba yake ya utambulisho, na baadhi ya mitambo huikagua. Hivyo kadi mpya yenye faili zilezile huenda ikakataliwa. Hata hivyo, nakala yako bado ina faida: faili zikiharibika, fundi anaweza kuzirudisha kwenye kadi ileile ya asili.

Kama ni diski

Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, na ya matabaka mawili GB 8.5. Angalia ukubwa wa data kwanza, kisha ununue diski tupu inayotosha. Nakili kwa mwendo wa polepole na uache kompyuta ihakiki kazi yake. Andika jina kwa kalamu laini. Usibandike karatasi, kwa maana joto la gari huweza kuibandua ikakwama ndani ya mtambo. Diski ikiwa na vumbi, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamruhusu mwenye programu ya kompyuta kihalali kujiwekea nakala rudufu. Ruhusa hiyo ni ya matumizi yako. Haikupi haki ya kuuza nakala wala kumgawia jirani. Ukiuza gari, mkabidhi mnunuzi kadi ya asili na usibaki na nakala.

Ukienda kwa fundi

Mweleze kabla hajafungua betri kwamba redio yako inategemea kadi. Anaweza kuunganisha betri nyingine kwa muda ili kumbukumbu isipotee. Kama mtambo una namba ya kuufungua, iandike na uiweke nyumbani. Unaponunua gari, hakikisha kadi au diski imo kabla ya kukamilisha malipo.

Kwa safari zako hapa nchini, pakua ramani ya Kenya kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Itakuongoza hata mtandao ukipotea milimani.