Kikuba Juu ya Kofia



Baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja mshonaji alinisubiri mlangoni. Ameomba zabuni ya kushona sare na mapazia ya hoteli moja ya ufukweni, na wenzake wa biashara wamemshauri asiende mikono mitupu: apeleke shada la mawaridi kwa afisa wa ununuzi, pamoja na kadi yenye jina la duka lake. "Ni maua tu, sheikh," alisema, "si pesa." Akataka kujua kama pana ubaya.

Nilimwomba muhula wa siku mbili, kwani swali lake lilinirudisha utotoni. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akishona kofia za vito kwa mkono, na kofia moja ilimla wiki nyingi. Mimi ndiye niliyezipeleka dukani. Mwenye duka huigeuza kofia, akaikagua, akataja bei, akalipa. Pesa zikishaingia mfukoni mwangu, ndipo nilipotoa kikuba cha asmini, mrihani na waridi, kimefungwa kwa jani la mgomba, nikasema: "Cha mama nyumbani." Siku moja nilijifanya mjanja, nikatanguliza kikuba. Bei ikapanda kidogo, nami nikarudi nikijisifu. Mama hakunipiga. Alinirejesha dukani na zile pesa, nikamwombe mwenye duka aitazame kofia upya kana kwamba hakupewa kitu. Aibu ya njia ile naikumbuka hadi leo.

Baadaye, madrasani, nilikutana na habari mbili zilizonifahamisha alichokijua mama. Ya kwanza ni kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwenye kupewa mrihani asiukatae, kwa kuwa ni mwepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Ya pili ni ya mkusanyaji wa zaka aliyerudi na mali mafungu mawili, akidai kuwa fungu moja ni la Waislamu na jingine amezawadiwa yeye. Mtume alighadhibika, akauliza mbona mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama hadiya hizo zingemfuata huko.

Basi nikamjibu dada yangu kwa kipimo hicho. Afisa yule asingekuwa na zabuni mezani, je, ungemkumbuka kwa maua? Alinyamaza, na kimya chake kilitosha. Wala si fikihi peke yake. Sheria yetu ya hongo ya mwaka 2016 haitazami pesa taslimu tu, na inazigusa kampuni za watu binafsi pia. Kwa maafisa wa dola, Katiba, kifungu cha 76, inasema kuwa zawadi wanayopewa katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri.

Lakini sikumkataza maua. Nilimkataza kuyatanguliza. Kazi ikishakabidhiwa na hesabu ikafungwa, mteja akihamia ofisi mpya, akirudi hija, au Idi ikifika, hapo shada ni shukrani safi. Nalo lina ubora ambao saa au simu haina: baada ya siku chache limenyauka. Haliuziki wala halimfanyi mtu ajihisi ana deni.

Yapo na ya adabu. Asmini yetu si ua la ofisini. Ni ua la nywele na la kitanda cha harusi, hivyo mwanamume asimpelekee mfanyabiashara mwanamke asiye maharimu wake. Tafsiri yake haitakuwa njema. Mke ampelekee mke mwenzake, mama kwa mama, na iwe jioni, kwa sababu asmini huchumwa ingali tumba na hufunguka usiku. Ofisini yapelekwe mawaridi, kwa jina la duka, yawekwe mapokezi mbele ya watu. Mawaridi ya Naivasha yanayokwenda mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, husafirishwa katika ubaridi. Yakishukia kwetu hukutana na joto la Mombasa. Chagua yaliyo bado kufunguka, ukate ncha za vijiti, uyatie majini upesi. Penye msiba, niachieni niseme wazi: pelekeni chakula.

Tena kuna jambo linaloniudhi. Nimeona duka likituma mashada makubwa kwa wateja wake, ilhali mafundi wake hawajalipwa mwezi mzima. Maua ya namna hiyo yamenunuliwa kwa jasho la watu.

Dada yangu aliuliza: "Basi wiki hii nisimpelekee mtu yeyote?" Nikamwuliza ni nani aliyewahi kumlipa kwa wakati bila kusukumwa. Akataja wateja watatu, wote akina mama, mmoja wao muuza mahamri ambaye humshonea aproni mbili tu kwa mwaka. Alhamisi jioni alituma vikuba vitatu. Majibu ya zabuni bado hayajatoka.